Riwaya ya Ujana: Kuisoma Upya 'Weep Not, Child' ya Ngugi wa Thiong'o

Katika kabati la kila mwalimu wa lugha hakikosi kitabu ambacho mwenyewe hukipita bila kukigusa, kwa kuwa anadhani alikwisha kukimaliza zamani. Kwetu sisi kitabu hicho kilikuwa riwaya ya Ngugi wa Thiong'o iitwayo Weep Not, Child, ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa 'Usilie, Mtoto'. Tuliisoma tulipokuwa wanafunzi wa sekondari, tukaijibia mtihani, tukaiweka. Tulipofika chuo cha ualimu tulizoea kusikia kwamba mwandishi huyo ameandika vitabu vikubwa kuliko hicho, nasi tukakihesabu kuwa ngazi ya kukanyagia tu.

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wetu mmoja alitujia na kitabu hicho mkononi. Alisema ndicho kitabu cha kwanza alichokisoma mpaka mwisho kwa kupenda mwenyewe. Tulimjibu kwamba hicho ni kitabu cha watoto, na kwamba sasa asome A Grain of Wheat, ndipo atakapomjua Ngugi. Alikipokea kwa adabu kitabu tulichompa. Baada ya wiki mbili alikirudisha, na kikaratasi alichokitumia kuonyesha mahali alipofika kilikuwa bado kwenye kurasa za mwanzo. Tangu siku hiyo hakutuomba kitabu kingine.

Jambo hilo limetukaa moyoni. Ngugi alipofariki dunia mwezi wa Mei 2025, akiwa na umri wa miaka 87, tulikitoa kitabu kile kabatini tukakisoma upya kwa siku mbili. Tulitambua kuwa aliyekosea hakuwa mwanafunzi. Makusudi ya makala haya ni kueleza riwaya hiyo ilizaliwa katika hali gani, wepesi wake unatoka wapi, na kwa nini tunaona kwamba wepesi huo ndio uliokifanya kitabu kiwe shahidi mwaminifu wa historia ya Kenya.

Mwandishi na zama zake

Ngugi alizaliwa tarehe 5 Januari 1938 huko Kamirithu, karibu na Limuru, katika Wilaya ya Kiambu. Baba yake alikuwa na wake wanne, na mama yake, Wanjiku, alikuwa wa tatu. Sehemu kubwa ya ardhi nzuri ya upande ule ilikuwa imetwaliwa na walowezi wa Kizungu, na Waafrika wengi walibaki wapangaji au vibarua katika ardhi ya babu zao. Katika kumbukumbu zake za utoto, zilizotoka mwaka 2010 kwa jina la Dreams in a Time of War, Ngugi anasimulia kwamba mama yake ndiye aliyemwuliza kama angependa kwenda shule, naye akaanza shule mwaka 1947. Anayefungua riwaya atamkuta mama akimwuliza mwanawe swali hilohilo mwanzoni kabisa mwa mlango wa kwanza.

Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari katika Kenya nzima. Usiku huo Jomo Kenyatta na viongozi wengine wakakamatwa. Wakati huo Ngugi alikuwa mvulana wa miaka 14. Ndugu yake mmoja aliingia msituni pamoja na wapiganaji wa Mau Mau, na kwa sababu hiyo watu wa nyumbani walihojiwa na kuteswa. Mwaka 1955 alipata nafasi katika shule ya Alliance. Aliporudi nyumbani kwa likizo yake ya kwanza alikikuta kijiji chao kimebomolewa na watu wake wamehamishiwa katika kijiji kipya kilichowekwa chini ya ulinzi. Kwa hiyo mambo ya riwaya hii hakuyapata katika nyaraka za serikali wala katika masimulizi ya mbali. Aliyaona akiwa na umri wa mwanafunzi, na aliyaandika kabla kumbukumbu hazijachujuka.

Mwezi wa Juni 1962

Mwaka 1959 Ngugi alikuja Kampala kusoma katika Chuo cha Makerere. Sisi wa Uganda tuna haki ya kujivunia kidogo jambo hilo, kwa maana riwaya hii ni ya Kenya kwa mambo yake, lakini iliandikwa hapa petu. Alikuwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiingereza. Hadithi zake fupi za mwanzo zilichapishwa katika jarida la wanafunzi wa idara hiyo lililoitwa Penpoint.

Hapa inafaa kusahihisha jambo moja ambalo hukosewa mara kwa mara. Weep Not, Child ni riwaya yake ya kwanza kuchapishwa, lakini mswada wa kwanza aliouandika ulikuwa mwingine. Mwaka 1961 aliandika riwaya kwa ajili ya mashindano ya East African Literature Bureau, nayo ndiyo iliyokuja kutoka mwaka 1965 kwa jina la The River Between. Mwaka 1962 aliandika hii tunayoizungumza, akiwa na umri wa miaka 24, na ilimtangulia nduguye mkubwa kufika sokoni.

Mwezi wa Juni mwaka huo ulifanyika Makerere mkutano mashuhuri wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Walikuwapo Chinua Achebe na Wole Soyinka wa Nigeria, Ezekiel Mphahlele wa Afrika Kusini, na wengineo. Ngugi, ambaye wakati huo aliitwa James Ngugi, alikaribishwa kwa sababu ya hadithi fupi chache alizokwisha kuchapisha. Haja yake kubwa katika mkutano huo, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, ilikuwa kumwomba Achebe autazame mswada wake. Achebe aliusoma na kuufikisha kwa wachapishaji wake, Heinemann wa London. Mwaka 1964 kitabu kikatoka, kikiwa namba 7 katika mfululizo wa vitabu vya waandishi wa Afrika ambao Achebe alikuwa mshauri wake. Aghalabu huhesabiwa kuwa riwaya ya kwanza ya Kiingereza kuchapishwa na Mwafrika wa Afrika Mashariki.

Walakini, sisi walimu wa Kiswahili hatuwezi kuutaja mkutano ule bila kumtaja mtu ambaye hakuwamo. Shaaban Robert, aliyekwisha kuandika Kusadikika mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952, pamoja na mashairi mengi, hakuwa na nafasi pale kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili. Mwezi huohuo wa Juni 1962 akafariki dunia. Hilo si tusi letu kwa mkutano. Ngugi mwenyewe alilisema katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, akijishangaa kwamba kijana wa hadithi fupi mbili tatu aliitwa, na mshairi mkuu wa Afrika Mashariki hakustahili kuitwa. Riwaya hii basi ilizaliwa katika nyumba ambayo mlango wake ulikuwa umefungwa kwa lugha zetu. Jambo hilo tutalirudia mbele.

Hadithi yenyewe na wepesi wake

Hadithi ni fupi. Njoroge ni mtoto wa Ngotho na mke wake mdogo, Nyokabi. Mke mkubwa, Njeri, ni mama wa Boro, Kori na Kamau. Wote huishi pamoja kwa mapatano. Kaka mmoja wa Njoroge, Mwangi, aliuawa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na Boro, aliyepigana vita hivyo, amerudi akiwa mtu wa kimya na uchungu. Ngotho hufanya kazi katika shamba la mlowezi, Bwana Howlands, nalo ndilo shamba la wazee wake. Hukaa katika sehemu ya ardhi ya Jacobo, Mwafrika tajiri anayependwa na serikali. Njoroge anapelekwa shule kwa tumaini la nyumba nzima, na huko anafanya urafiki na Mwihaki, binti wa Jacobo.

Kisha mambo yanaharibika hatua kwa hatua. Unakuja mgomo wa wafanyakazi, na Ngotho, baada ya kumshambulia Jacobo mbele ya watu, anapoteza kazi na makao. Inakuja Hali ya Hatari, na Howlands anakuwa ofisa wa wilaya, naye Jacobo anakuwa chifu. Njoroge anafaulu kwenda shule ya sekondari ya Siriana, lakini Jacobo anapouawa, maofisa wa polisi wanamtoa shuleni na kumtesa. Ngotho anajisingizia mauaji ili kumwokoa mwanawe Kamau, naye anateswa mpaka anakufa. Boro anamwua Howlands. Mwishoni Njoroge, aliyeota kuwa mkombozi wa watu wake, anauza vitambaa katika duka la Mhindi, na hata kazi hiyo inamponyoka.

Mambo mazito hayo yameelezwa kwa sentensi fupi, zenye maneno ya kila siku. Mwandishi hapendi kupamba. Mara nyingi anamtaja mtu, anatwambia alifanya nini, kisha anaendelea. Mwanafunzi mwenye Kiingereza cha wastani hahitaji kamusi pembeni. Wahakiki wengine wamekiona hicho kuwa ni upungufu, na sisi pia tulikuwa katika kundi hilo. Tulipokisoma upya tuliona sababu mbili za wepesi huo.

Sababu ya kwanza ni mahali aliposimama msimulizi. Sehemu kubwa ya kitabu inatazamwa kutoka kimo cha mtoto. Mtoto haelezi siasa, anaona tu kwamba wazee wamenyamaza ghafla alipoingia, kwamba baba hakula leo, kwamba kaka hakurudi. Lugha ngumu ingemwongezea Njoroge ujuzi asiokuwa nao, na hapo kitabu kingekuwa cha uongo.

Sababu ya pili ni mazoea ya kusikiliza. Nyumbani kwa Ngotho watu hukusanyika jioni, na mzee huwasimulia asili ya Gikuyu na Mumbi na jinsi nchi ilivyopewa watu wake. Njoroge husoma pia Biblia, na moyoni anawafananisha watu wake na Waisraeli. Sentensi za kitabu zimepata mwendo kutoka katika masimulizi ya namna hiyo, ambayo huenda kwa 'kisha' na 'ikawa', nayo hayamchoshi msikilizaji.

Somo la Kiingereza

Kuna kipande kimoja ambacho kila mwalimu wa lugha angepaswa kukisoma kila mwaka kabla ya kuingia darasani. Mwalimu Lucia, dada yake Mwihaki, anawafundisha watoto Kiingereza. Anasimama na kuwafundisha kusema kwamba amesimama. Watoto wanarudia maneno yake kama yalivyo. Anapomwuliza mmojawao anafanya nini, mtoto anachanganya 'mimi' na 'wewe', na darasa zima linazunguka katika kosa lilelile. Baadaye inakuja siku ya kutembelewa na mwanamke wa Kizungu. Watoto wamezoezwa salamu siku nyingi. Anapoingia wanasimama na kumwamkia kwa sauti moja salamu ya asubuhi, ile ya kuamkia wanaume, ilhali mgeni ni mwanamke na saa sita imekwisha kupita. Lucia anaona haya karibu ya kulia.

Tulipokisoma kipande hicho zamani tulicheka tu. Safari hii tulicheka, kisha tukanyamaza. Mwandishi aliyejifunza Kiingereza katika madarasa ya namna hiyo amekitumia Kiingereza hichohicho kutuonyesha jinsi kilivyomezeshwa watoto bila maana. Hakuhutubia hata kidogo juu ya elimu ya kikoloni. Ameliweka darasa mbele yetu, na kila mwalimu atajiona mwenyewe mle. Je, sisi hatujawakaririsha watoto 'hajambo' na 'hujambo' mpaka wakamwambia mgeni 'sijambo' kabla hajawauliza? Kipande cha kurasa chache kimetufundisha jambo hilo kwa urahisi kuliko mihadhara mingi tuliyohudhuria.

Historia katika macho ya mtoto

Tukija kwenye historia, yako mambo matatu ambayo riwaya hii imeyahifadhi vizuri.

La kwanza ni suala la ardhi. Ngotho na Howlands hutembea pamoja shambani, na mwandishi anatuonyesha kwamba wote wawili wanaipenda ardhi ileile. Mmoja anaona urithi na ahadi ya wahenga, akingoja siku utabiri utakapotimia. Mwingine anaona kazi ya mikono yake na mahali pa kuisahau vita ya Ulaya. Hakuna anayejua lililo moyoni mwa mwenziwe. Boro anapomwuliza baba yake aliwezaje kumtumikia mtu aliyemnyang'anya, mzee hana jibu. Katika ukimya huo wa baba na hasira ya mwana, msomaji anaelewa kwa nini vijana walikwenda msituni.

La pili ni jinsi vita ile ilivyoingia ndani ya nyumba za watu. Vitabu vya historia vinatupa hesabu. Walowezi wa kiraia waliouawa walikuwa 32. Waafrika walionyongwa kwa hukumu za mahakama katika miaka hiyo walikuwa 1,090, mbali na maelfu waliouawa vitani na maelfu zaidi waliowekwa katika kambi za kizuizini. Hesabu hizo ni lazima zijulikane. Lakini hesabu haituambii nini humpata mtoto anayempenda binti wa adui wa baba yake, wala haituambii jinsi wake wawili wa mtu mmoja wanavyokaa usiku wakisikiliza hatua za askari nje. Riwaya inatwambia hayo. Inatuonyesha vilevile Njoroge na Stephen, mwana wa Howlands, wakikutana katika uwanja wa mpira huko Siriana na kukiri kwamba utotoni kila mmoja alitamani kusema na mwenziwe, lakini wote wawili waliogopa.

La tatu, na zito kuliko yote, ni mateso. Njoroge anatolewa shuleni na kupelekwa katika kituo cha askari wa ulinzi wa nyumbani, mahali ambapo watu wamepapa jina la kutisha kwa sababu ya vilio vinavyosikika humo. Anapigwa, na Howlands anamtisha kwa koleo. Mwandishi hakurefusha. Anaeleza kwa sentensi chache kavu, kwa kuwa mvulana mwenyewe haelewi ameulizwa nini wala ajibu nini.

Maelezo hayo yalichapishwa London mwaka 1964. Serikali ya Uingereza haikukiri hadharani kwamba Wakenya waliteswa mikononi mwa utawala wake mpaka tarehe 6 Juni 2013, pale waziri wake wa mambo ya nje, William Hague, alipotoa taarifa Bungeni. Alieleza masikitiko ya serikali na kutangaza mapatano ya kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Kati ya riwaya na kukiri huko kuna miaka 49. Katika miaka yote hiyo kitabu kilikuwa kikisomwa na watoto wa shule, wakiwamo watoto wa Uingereza kwenyewe kwa waliobahatika kukipata. Asiyekuwa na mswada wa serikali wala ushahidi wa daktari alikuwa na kurasa hizo chache, na kurasa hizo zilisema kweli. Kijana wa miaka 24 aliyeandika kwa maneno mepesi aliitangulia serikali kubwa karibu nusu karne. Tangu tuliposhika hesabu hiyo hatukuthubutu tena kukiita kitabu cha watoto kwa dharau.

Kasoro za ujana

Tusije tukadhaniwa kuwa tunakisifu bila kukipima. Ujana wa mwandishi unaonekana. Familia tatu, za Ngotho, Jacobo na Howlands, zimefungamanishwa kwa nguvu mno, hata kila jambo la nchi likawa ugomvi wa majirani. Mwihaki ameelezwa kwa upendo lakini hakupewa nafsi ya kutosha, na maneno yake ya mwisho juu ya wajibu yanasikika kama ya mwalimu wake. Howlands anageuka upesi kuwa katili. Njoroge anasema mara nyingi kwamba elimu itaokoa nchi, hata msomaji akatamani mtu amjibu.

Atakayepima riwaya hii na A Grain of Wheat ya mwaka 1967 ataona jinsi mwandishi alivyokua katika miaka mitatu tu. Katika ile ya pili wakati hukatwa na kuunganishwa, wasimulizi ni wengi, na shujaa si yule uliyemdhania. Hapana shaka ni kazi kubwa zaidi. Lakini ukubwa wa mti hauifanyi mbegu yake kuwa uongo. Tena anayefundisha hana budi kukumbuka kwamba msomaji naye ana umri wake wa kusoma. Tulipompa mwanafunzi wetu A Grain of Wheat tulimpa mzigo ambao sisi wenyewe tuliubeba tukiwa watu wazima, tena tukiwa na mwalimu kando. Alikuwa ameonja furaha ya kumaliza kitabu, na sisi tulimwonyesha kwamba furaha ile ilikuwa ya kuonewa haya.

Suala la lugha

Sasa turudi kwenye mlango uliofungwa. Inajulikana kwamba mwaka 1977 Ngugi alishirikiana na Ngugi wa Mirii na wanakijiji wa Kamirithu kuigiza mchezo wa Ngaahika Ndeenda kwa Kigikuyu, na kwamba mwisho wa mwaka huo aliwekwa kizuizini bila kuhukumiwa, akakaa humo mpaka Desemba 1978. Humo gerezani, juu ya karatasi za msalani, aliandika riwaya yake ya kwanza ya Kigikuyu, Caitaani Mutharabaini, iliyotoka mwaka 1980 na ambayo wasomaji wetu wanaijua kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani. Baada ya hapo alishikilia kwamba fasihi ya Kiafrika ni ile iandikwayo kwa lugha za Kiafrika.

Wako wenzetu wanaouliza kama basi si kinyume kwa jarida la walimu wa Kiswahili kukisifu kitabu cha Kiingereza ambacho mwandishi mwenyewe aliiacha njia yake. Swali hilo ni la haki. Kwa maoni yetu, uamuzi wa baadaye hauwezi kueleweka bila kitabu cha kwanza. Mtoto wa darasa la Lucia aliyekaririshwa asichokielewa ndiye aliyekuja kuwa mtu mzima aliyekataa. Asiyekisoma kitabu cha ujana ataliona kataa lile kama siasa tu, na hataona kidonda lililotoka.

Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Uganda tuna sababu nyingine ya kukisoma. Kiswahili kwetu kilipata jina baya kwa kuwa watu wengi walikisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa askari vizuizini na makambini. Kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 chini ya utawala wa kijeshi. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sheria ni njema, lakini sheria haiwezi kuipendekeza lugha. Tukiwakaririsha watoto Kiswahili kama Lucia alivyokaririsha Kiingereza, tutakuwa tumebadili lugha ya kukaririwa tu. Lugha hupendwa na mtu anapoweza kusema kwayo jambo lililomwuma au lililomfurahisha.

Katika darasa letu

Kwa ajili hiyo, mwaka huu tulijaribu jambo dogo. Wanafunzi wetu walikuwa wamekisoma kitabu katika somo la Kiingereza. Tuliwaomba wachague kipande kimoja kila mtu, wakifunge kitabu, kisha wasimulie kwa Kiswahili chao wenyewe, kama anayeisimulia nyumbani jioni. Hatukusahihisha sarufi mpaka kila mtu alipomaliza.

Wengi walichagua siku ya kwanza ya shule, Njoroge anapoonewa na wavulana kwa ugeni wake na Mwihaki akamwokoa. Mmoja alisimulia darasa la Lucia, na wenzake wakacheka mpaka wa darasa la pili wakaja kuchungulia dirishani. Msichana mmoja alichagua mahali ambapo Njoroge, aliyekata tamaa, anamwambia Mwihaki watoroke pamoja waje kuishi Uganda. Alisimama kidogo, akatuuliza: 'Mwalimu, angekuja kweli, angepata raha hapa?' Hatukuwa na jibu la upesi. Darasa zima lilijadili swali hilo kwa Kiswahili kwa nusu saa, na miongoni mwao walikuwamo watoto ambao kwa miezi sita hatukuwahi kuwasikia wakiunga sentensi mbili. Yalizungumzwa mambo ya wakimbizi wanaokaa kwetu, na mambo ya wazee wetu walioikimbia nchi hii wenyewe katika miaka ya nyuma. Ngeli zilivunjika, lakini maneno yalikuwa yao.

Wepesi wa kitabu ndio uliowezesha hayo. Kitabu kigumu kingewafanya wahangaike kukumbuka kilichosemwa. Hiki, kwa kuwa kinakumbukika, kiliwaachia nafasi ya kufikiri. Tunawashauri wenzetu wajaribu vivyo hivyo, kwa riwaya hii au kwa nyingine nyepesi, kabla ya kuwakabidhi wanafunzi vitabu vizito.

Riwaya inaisha usiku. Njoroge amekwenda mahali penye mti akiwa na kamba, akitaka kujiua. Mama yake anatoka kumtafuta, akiwa na kijinga cha moto cha kumulikia njia, na anamwita. Njoroge anaondoka pale mtini na kumfuata. Njiani wanakutana na Njeri, naye amejitokeza kutafuta. Njoroge anajiona mwoga, na analikiri hilo moyoni. Kisha anatangulia mbio na kuwafungulia mama zake mlango. Hapo kitabu kinakwisha, bila hotuba na bila ahadi.

Yule mwanafunzi wetu wa kwanza amekwisha kumaliza shule, naye sasa anafanya kazi mjini. Tulipokutana naye mwezi uliopita tulimwomba radhi kwa neno lile la zamani. Alicheka, akasema alikuwa amelisahau. Kisha akatuuliza kama bado tuna kile kitabu, akitaka kumwazima mdogo wake. Tumempelekea.